Likasi katika Historia ya Sumaku na Umeme: Ushahidi wa Majina Matatu

Historia ya sayansi ya sumaku na umeme huelezwa kwa kawaida kama historia ya maabara za Ulaya. Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, hutajwa kwa sababu ya shaba na urani tu. Hata hivyo, majina matatu ya madini ya eneo hilo yanadhihirisha uhusiano wa karibu zaidi.

Mwaka 1921 Mbelgiji Alfred Schoep alieleza madini mawili mapya ya urani kutoka Kasolo, yaani mgodi wa Shinkolobwe ulio karibu na Likasi. Moja aliliita kasoliti, kwa jina la mahali penyewe. Jingine aliliita kuriti, kwa heshima ya Mfaransa Pierre Curie. Curie alisifika kwa radiamu, ambayo yeye na mkewe Marie waliigundua mwaka 1898. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshughulikia swali jingine. Mwaka 1894, akichunguza ulinganifu wa fuwele, alidokeza kwamba sumaku yaweza kutenganisha chaji chanya na hasi ndani ya kitu, na umeme nao waweza kuamsha usumaku.

Dokezo hilo lilisubiri muda mrefu. Mwaka 1959 Dzyaloshinskii, katika Urusi ya Kisovieti, alionyesha kinadharia kwamba oksidi ya kromu ingekuwa na tabia hiyo. Mwaka uliofuata Astrov akaipima. Mwaka 1994 Hans Schmid wa Geneva alitumia jina “multiferoiki” kwa vitu ambamo mipangilio miwili hukaa pamoja: sumaku ndogo za atomi zimejipanga, na chaji zimetengana zenyewe. Vitu hivyo ni adimu. Usumaku huhitaji elektroni zilizojaza sehemu tu ya nafasi zao katika atomi, ilhali mtengano wa chaji mara nyingi hutokea pale nafasi hizo zilipo tupu.

Jina la tatu ni kobalti. Asili yake ni neno la Kijerumani lililotaja pepo wa migodini, waliodhaniwa kuwahadaa wachimbaji. Metali hiyo, iliyotolewa kwa wingi Katanga tangu enzi za Union Minière, hudumisha usumaku wake hata katika joto la zaidi ya digrii 1,100, kiwango kisichofikiwa na elementi nyingine yoyote. Kiwango cha joto ambapo usumaku wa namna hiyo hutoweka nacho huitwa kwa jina la Curie. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba fuwele ya kobalti, kromu na oksijeni, ikiwa katika baridi kali mno, ni multiferoiki: sumaku za atomi zake hujipanga kwa mzunguko, na mzunguko huo ndio unaotenganisha chaji.

Haisemwi hapa kwamba kobalti ya maabara ile ilitoka Likasi. Linalosemwa ni kwamba mwanafunzi wa Likasi anayefundishwa sumaku kama habari ya mbali ananyimwa sehemu ya historia yake. Kati ya majina hayo matatu, mawili yalitoka Ulaya. Kasoliti peke yake imehifadhi jina la mahali. Kueleza sayansi hii kwa Kiswahili, kama inavyowezekana, ni kuendeleza kazi iliyoanzwa na jina hilo moja.