Taarifa za Wareno kuhusu Waswahili

Ni maandishi ya mabaharia, makarani na mapadri waliofika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia safari ya Vasco da Gama (1498). Mashuhuri zaidi ni ya Duarte Barbosa, ya mnamo 1516. Anaieleza Kilwa ya nyumba za mawe na chokaa, milango ya mbao yenye nakshi, na wanawake waliovaa hariri, mikufu na bangili za dhahabu na fedha. Mji huohuo kamanda Mreno Francisco de Almeida alikuwa ameupora mwaka 1505, kisha akaichoma Mombasa. Padri João dos Santos alichapisha *Ethiopia Oriental* mwaka 1609. Mavazi na biashara waandishi hawa waliviona vizuri. Dini waliiandika kwa jicho la adui. Taarifa hizi zisomwe sambamba na Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya mji huo iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16.