Jeni moja, ngozi tatu

Leo wasomaji wangu mnivumilie, naacha kidogo habari za Linux na hifadhidata. Nimekuwa nikisoma kuhusu ngozi. Naam, ngozi! Mimi ni mwandishi wa programu, si daktari, lakini hadithi hii imejaa msimbo, na mhusika wake mmoja anaishi chini ya udongo wa Kenya.

Tuanze mwaka 1934. Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa kitu chenye ute katika macho ya ng'ombe, wakakiita asidi ya hialuroniki. Siku hizi huitwa pia hialuronani. Katika miaka ya 1950 Meyer na wenzake wakaonyesha umbo lake: sukari mbili tu zinazopokezana, moja baada ya nyingine, mara maelfu. Kwetu sisi wa programu hicho ni kitanzi tu! Lakini mnyororo huo hushika maji mengi ajabu, na karibu nusu ya hialuronani yote ya mwili iko kwenye ngozi.

Je, ni nani anayeendesha kitanzi hicho? Jibu lilichelewa. Mwaka 1993 jeni yake ilipatikana katika bakteria, na kufikia 1997 wanyama walijulikana kuwa nazo tatu: HAS1, HAS2 na HAS3. Mwaka 2000 watafiti walizima HAS2 katika panya. Vijusi vilikufa karibu siku ya kumi tumboni, mioyo yao haikuumbika vizuri. Basi ukifuta faili hii, mfumo hauwaki kabisa.

Sasa tutazame ngozi tatu.

Ya kwanza ni ya mtoto aliye tumboni. Katika miaka ya 1980 na 1990 watafiti waliwafanyia upasuaji wana-kondoo kabla ya kuzaliwa. Majeraha ya mapema yalipona bila kovu, na hialuronani ilibaki humo kwa muda mrefu kuliko katika majeraha ya wakubwa. Si yenyewe peke yake inayozuia kovu, lakini imo katika kazi hiyo. Nasi sote tuna jeni hizo hizo hadi uzeeni. Kinachobadilika ni lini zinasomwa, na kwa nguvu gani.

Ya pili ni ya mbwa wa Kichina aitwaye shar-pei, yule mwenye mikunjo kama blanketi. Mwaka 2011 ilibainika kwamba kipande cha DNA kilicho mbali kabla ya HAS2 kimenakiliwa zaidi ya mara moja. Msimbo wa jeni yenyewe haukuguswa, ni kama mtu aliyebadilisha faili ya mipangilio tu. HAS2 ikasomwa kupita kiasi, ngozi ikajaa. Wafugaji waliipenda mikunjo hiyo wakaichagua kizazi baada ya kizazi, bila kujua kwamba badiliko hilo hilo huendana na homa ya mara kwa mara inayowatesa mbwa hao.

Ya tatu ni ya fuko asiye na manyoya, anayechimba mashimo Kenya, Ethiopia na Somalia. Huishi zaidi ya miaka 30 na ni nadra kupata saratani. Mwaka 2013 Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba hialuronani yake ni ndefu zaidi ya mara tano kuliko yetu. HAS2 yake ina tofauti ndogo, husomwa sana, tena mwili wake huivunja sukari hiyo polepole. Wengine walipinga mwaka 2020 kwamba hiyo ndiyo kinga yake ya saratani. Mwaka 2023 kundi la Rochester likawapa panya jeni ya fuko: uvimbe ulipungua, na umri wa kati ukaongezeka kwa takriban asilimia 4.

Kwa hiyo kuwa na jeni si hoja, hoja ni inavyosomwa. Ndiyo maana nacheka nikiona matangazo ya krimu za hialuroniki. Molekuli kubwa hukaa juu ya ngozi na kushika maji, basi. Haziwashi HAS2. Na kwa aliyeungua moto anayeishi na makovu, atakayejua kuiwasha HAS2 kwa kiasi, bila homa ya shar-pei, atakuwa amemfanyia jambo kubwa kuliko krimu zote za madukani.