Guru wa Kurithi Mbele ya Mahakama: Kesi ya Bombay ya 1862

Katika dini ya Kihindu, guru si mfafanuzi wa maandiko tu. Ndiye anayempa mfuasi mantra, na mapokeo mengi humweka karibu na Mungu mwenyewe. Mamlaka hayo yanapotokana na elimu na mwenendo, hayazui utata mkubwa. Yanapohamia katika damu, swali la uwajibikaji haliepukiki.

Pushtimarg, njia iliyoasisiwa na Vallabha (1479–1531), iliacha uguru mikononi mwa uzao wake wa kiume. Mwanawe Vitthalnath aliwagawia wanawe saba sanamu za Krishna, na warithi wao wakaja kuitwa Maharaj. Anapoingizwa katika njia hiyo, mfuasi huweka wakfu mwili, moyo na mali. Kimafundisho, mpokeaji ni Krishna, naye guru ni mlango. Lakini kwa wafanyabiashara wengi wa Kigujarati wa karne ya 19, tofauti kati ya mlango na mwenye nyumba ilikuwa imefifia.

Oktoba 1860, Karsandas Mulji, mhariri aliyelelewa katika njia hiyohiyo, aliandika katika gazeti lake, Satya Prakash, kwamba Maharaj waliwadhulumu wanawake wa wafuasi wao kwa kisingizio cha wakfu. Jadunathji Brajratanji alimshtaki kwa kashfa na kudai fidia ya rupia 50,000. Kabla kesi haijasikilizwa, viongozi wa Wabhatia waliwakataza watu wao kutoa ushahidi dhidi ya guru, la sivyo watengwe. Viongozi hao walishtakiwa kwa kula njama na kutozwa faini. Tukio hili, ambalo mara nyingi hutajwa kwa kupita tu, ndilo linaloeleza mengi: nguvu ya guru ilisimama juu ya baraza la tabaka, na aliyetengwa alipoteza ndoa, mikopo na washirika kwa pamoja.

Aprili 1862, Mahakama ya Juu ya Bombay ilikubali kwamba tuhuma za Mulji zilikuwa na msingi. Hukumu hiyo husifiwa kama ushindi wa uhuru wa magazeti, na kwa haki. Hata hivyo, utetezi uliegemea pia hoja kwamba dini ya kweli ni ile ya Veda na kwamba njia za baadaye ni upotofu. Hata mmisionari wa Kiskoti, John Wilson, aliitwa kutoa ushahidi. Ni vigumu kuona jinsi ukale wa maandiko ungeweza kuamua kama mwanamke alidhulumiwa.

Mambo haya hayakuihusu Bombay peke yake. Nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ndiyo iliyokodi ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa miaka mingi, na Wabhatia wengine walifanya biashara Maskati. Kwa watu hao, kutengwa nyumbani kungeweza kukata mnyororo wa mikopo hadi ng'ambo.

Mulji alisafiri kwenda Uingereza mwaka 1863. Aliporudi, tabaka lake lilimtenga kwa kosa la kuvuka bahari. Alifariki mwaka 1871. Uzao wa Vallabha unaendelea kuwaingiza wafuasi hadi leo.