Mwami Aliondoka, Amri Ikabaki

Mwami, mfalme wa Burundi, hakutawala peke yake. Ardhi yote ilihesabiwa kuwa yake na ngoma ya Karyenda ilikuwa alama ya enzi yake, lakini palikuwapo Baganwa, wana wa ukoo wa kifalme walioshika maeneo yao na mara nyingi wakamkaidi. Na katika kila kilima walikuwapo bashingantahe, wazee walioapa hadharani kuamua kwa haki kesi za mipaka na madeni. Mushingantahe aliweza kuwa Mhutu au Mtutsi. Jirani zake ndio waliomchunguza na kumpendekeza. Haukuwa usawa, kwani Watwa waliwekwa kando, na aliyezaliwa Muganwa alizaliwa juu ya wengine. Lakini ilikuwa mipaka, na mtawala aliijua.

Huku kwetu kwenye Ziwa Tanganyika mkono wa mwami ulikuwa mwepesi zaidi. Kibiashara Rumonge ilielekea zaidi Ujiji kuliko ikulu za milimani. Wamisionari watatu wa Kikatoliki walipouawa Rumonge tarehe 4 Mei 1881, lilikuwa jambo la watemi wa ufuoni. Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alijaribu kuipenya nchi kwa silaha, naye Mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Wajerumani hakuwaweza: mwaka 1903, huko Kiganda, alikubali kuwa chini yao.

Wabelgiji waliofuata ndio walioharibu zaidi, na naliandika hili bila kusita. Walimwacha mwami kitini, wakawafanya machifu kuwa watumishi wa serikali wenye mahakama na viboko, na bashingantahe wakabaki pembeni. Waliunganisha maeneo ya utawala na kuwaondoa machifu wa Kihutu. Kufikia 1945 hakubaki hata mmoja. Walibakiza cheo, wakaondoa breki.

Mtu aliyeelewa hatari hiyo alikuwa Muganwa mwenyewe. Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa, aliongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa Septemba 1961 akiwa na Wahutu na Watutsi pamoja, akitaka ufalme wenye katiba. Aliuawa kwa risasi Usumbura tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Uhuru ulipokuja 1962, katiba iliandikwa, na bunge lilikuwapo. Mei 1965 wabunge wa Kihutu walipata viti 23 kati ya 33. Mwambutsa hakumpa Mhutu uwaziri mkuu. Alimteua Léopold Biha, Muganwa na katibu wake. Oktoba maafisa wa Kihutu walijaribu kumpindua mwami, wakashindwa, na viongozi wa Kihutu wakapigwa risasi. Mwami alikimbia nchi.

Mataji yalikuwa yakianguka kote katika eneo letu: Rwanda 1961, Unguja Januari 1964, Mengo ya Buganda Mei 1966. Burundi ilifuata tarehe 28 Novemba 1966, pale Kapteni Michel Micombero alipotangaza jamhuri huku Ntare V, kijana aliyempindua baba yake, Mwambutsa, miezi michache kabla, akiwa safarini Kinshasa. Wengi walidhani kuondoa ufalme ni kuondoa utawala usio na mipaka. Kumbe jamhuri ile ilikaa hadi 1974 bila katiba, ikiendeshwa kwa amri ya rais.

Matokeo ya utawala huo wa amri yalionekana hapa Rumonge. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walivamia Rumonge na Nyanza-Lac na kuwaua Watutsi. Siku hiyohiyo Ntare V, aliyekuwa amerudishwa nchini, aliuawa Gitega bila hukumu. Kisha serikali iliwaua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Makadirio huanzia watu 100,000. Wengine walivuka kwenda Tanzania, na mashamba yao ya ufuoni yakapewa watu wengine, mengi yakaingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali.

Sheria ya ardhi ya 1986 ilimruhusu aliyekalia ardhi miaka 30 kuidai kuwa yake. Sheria ileile kwa wote, ndiyo, lakini mkimbizi aliyekuwa Ulyankulu, huko Tanzania, angewezaje kwenda mahakamani kuisimamisha miaka hiyo? Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000 yalitamka kwamba wakimbizi warudishiwe mali au walipwe fidia. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa 2006. Mwanzoni ilihimiza pande mbili zigawane shamba. Baada ya 2011, chini ya mwenyekiti mpya, iliamuru lirudishwe lote kwa aliyekimbia. Kwa hiyo familia mbili za Rumonge, zilizokimbia usiku mmoja na kuacha michikichi iliyopakana, ziliweza kupata hukumu mbili tofauti, kutegemea mwaka ambao kila moja ilifika mbele ya tume.