Kalibu na Risasi: Gondokoro hadi Lado

Msemaji wa Kiswahili anatumia neno moja, risasi, kwa madini yale mazito yaliyo laini na kwa kile kirukacho kutoka katika mtutu wa bunduki. Lugha imehifadhi hapo kumbukumbu ya zama ambapo mtu aliyeyusha risasi mekoni, akaisubu katika kalibu, akapata risasi. Neno kalibu nalo lina asili ya Kiarabu, na wanaisimu wengi hulihesabu kuwa mzazi wa neno watumialo Wazungu kutaja upana wa tundu la mtutu. Basi kipimo cha bunduki kilipewa jina la chombo cha msubaji.

Soko la Konyo Konyo, mjini Juba, lipo upande wa magharibi wa Nile. Ng'ambo ya pili, mwendo mfupi kuelekea kaskazini, ndipo palipokuwa Gondokoro, kituo cha wachuuzi wa pembe na watumwa kutoka Khartoum. Bunduki zao nyingi zilishindiliwa kwa mdeki: baruti kwanza, kisha risasi. Bunduki za namna hii hazikulingana, na kila moja ilidai kalibu yake. Risasi ikiwa nyembamba, moto hupenya pembeni na shabaha hupotea. Fundi huizungushia kitambaa chenye mafuta. Ikiwa nene, mdeki haiwezi kuisukuma. Mtutu uliolika kwa matumizi ulihitaji kalibu ipanuliwe kidogo kidogo, kwa kuisugua ndani kwa unga mkali uliotiwa mafuta. Kazi hiyo yataka subira, kwani kilichokwisha kukwanguliwa hakirudishiki.

Samuel Baker, aliyefika Gondokoro mwezi Februari 1863, alikuwa msubaji mwenye bidii. Kwa wanyama wakubwa alitaka risasi ngumu, akachanganya sehemu 9 za risasi na 1 ya zebaki. Zebaki aliitia katika risasi kidogo iliyochotwa kwa upawa, maana ndani ya chungu chenye moto mkali ingegeuka mvuke na kupotea. (Mvuke huo ni sumu kali, heri asiigwe.)

Baker aliporudi mwaka 1871, safari hii akiwa gavana wa Khedive wa Misri, walinzi wake walichukua bunduki za Snider, zilizotiwa risasi kwa nyuma. Baadaye majeshi ya Misri yalienea Remington, yenye tundu la milimita 11 hivi. Sasa risasi, baruti na fataki vilikaa pamoja katika ganda la shaba lililotoka kiwandani. Faida yake ilikuwa kubwa: mtu alipiga upesi, na risasi zote zilienea katika bunduki zote za aina moja. Lakini kalibu ya mekoni haikutosha tena. Hata mtu akisubu risasi iliyo sawa kabisa, bila fataki haina kazi.

Gharama ya badiliko hilo ilimwangukia Emin Pasha, gavana wa Equatoria tangu 1878, ambaye makao yake yalikuwa Lado, chini kidogo ya Gondokoro. Meli ya mwisho kutoka Khartoum ilimfikia mwaka 1883. Khartoum yenyewe ikatekwa na majeshi ya Mahdi tarehe 26 Januari 1885, na mwaka huohuo Emin akahamia Wadelai, kusini. Askari wake walikuwa na bunduki nzuri kuliko za wachuuzi wa zamani, lakini kila mlio ulipunguza akiba isiyojazwa. Stanley alipokutana naye mwezi Aprili 1888, baada ya safari iliyoua watu wengi msituni Kongo, alimkabidhi makasha 31 ya risasi za Remington. Mwezi Agosti askari waliasi, wakamzuia Emin huko Dufile.

Wengine waliosalia pamoja na Selim Bey waliandikishwa na Lugard mwaka 1891, wakaletwa Uganda. Lugard huyo ndiye aliyemsifu Fundi Kisule wa Buganda, mwanafunzi wa Mackay, kwa ustadi wa kutengeneza springi za bunduki. Wazao wa askari wale ndio Wanubi wa Bombo na Kibera, na lugha yao, Kinubi, ni ndugu wa Kiarabu kinachosemwa hadi leo sokoni Konyo Konyo.