Swali la Kijana Juu ya Redio

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu mgeni katika shule moja jirani na Dongobesh, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi tu. Mbulu ilikuwa bado katika Mkoa wa Arusha. Manyara haikuwa mkoa hadi 2002. Huo ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, watu wapatao milioni 2 nchini kote, katika vikundi kama 75,000, walikusanyika kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha wakajadiliana juu ya malaria, kuhara, maji safi na vyoo. Kikundi chetu nilikiongoza mimi. Redio ilikaa juu ya meza ya darasa, na mawe yake yalipochoka tuliyaanika juani ili yapate uhai kidogo.

Jioni moja kijana wa darasa la sita, aliyekuja na baba yake, aliuliza: "Mwalimu, mawe haya madogo yanapata wapi nguvu za kuvuta sauti kutoka Dar es Salaam?"

Wazee wakanigeukia. Sikujua. Badala ya kukiri, nilimkemea kwamba analeta utundu mbele ya wakubwa. Baba yake akamtoa nje. Hakuniuliza swali jingine hadi alipomaliza darasa la saba.

Jibu nililipata vitabuni miaka mingi baadaye. Transista ya kwanza ilionyeshwa Desemba 1947 na John Bardeen na Walter Brattain katika maabara za Bell, Marekani. Mwaka 1956 wao na mwenzao William Shockley walipewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo redio zilitumia valvu za kioo, ambazo hazifanyi kazi mpaka zipate moto, na moto huo hula umeme mwingi. Transista haihitaji moto huo. Ndiyo maana redio ya mawe machache iliweza kufika vijijini.

Kumbe mawe hayavuti sauti hata kidogo. Mtambo wa kurushia matangazo ndio unaotumia nguvu kubwa. Wimbi likifika Mbulu limedhoofika mno, na umeme unaookotwa na antena ni mdogo kupita kiasi. Hapo ndipo transista inapofanya kazi yake. Ina miguu mitatu. Umeme mkubwa wa mawe hupita kati ya miguu miwili, na ule mdogo unaoingia katika mguu wa tatu huamua mwingi kiasi gani upite.

Msomaji, fikiri mfereji wa shamba la vitunguu. Mtoto akiinua kibao kidogo, maji mengi hupita, akikishusha, hupungua. Nguvu si ya mtoto, ni ya maji yaliyokusanyika juu. Lakini maji hutii mkono wake. Mawe ndiyo maji yale, na wimbi dhaifu kutoka Dar es Salaam ndio mkono wa mtoto.

Mfereji wa namna hiyo ulipita nyuma ya shule yetu. Ningesema "sijui, tutafute pamoja," huenda siku moja tungesimama pale, mimi na yule kijana, tukainua kibao.

Vyoo vilichimbwa, nami nikasifiwa kwa kuongoza kikundi vizuri. Baadaye, nilipokuwa mwalimu mkuu, kila mwalimu mpya nilimsimulia habari ya jioni ile, bila kujificha kwamba mwalimu aliyekemea ni mimi.