Sauti ya Mtafsiri

Mapenzi ya kwenye picha niliyaona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 22, ndani ya banda la video huko Tandika, Temeke. Ilikuwa 1996. Nilikuwa nimetoka shamba, nabeba mizigo sokoni, na mambo ya wanawake niliyajua kwa kusikia tu.

Waliotutangulia walikuwa na majumba ya sinema ya mjini: Avalon, Empire, Odeon. Pwani nzima walimpenda Raj Kapoor katika Awara, picha ya 1951. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In, upande wa Msasani, mahali ambapo leo upo Ubalozi wa Marekani. Huko watu walikwenda na wake zao, wachumba na watoto. Kijana alipotazama mapenzi, pembeni yake alikuwapo mwanamke anayecheka, anayelia au anayesonya. Alijua papo hapo mwenzake ameipokeaje ile picha.

Sisi wa Temeke tulipata banda. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na wenye seti walihesabika. Banda letu lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi yamejaa wanaume watupu. Kihindi hatukukijua, kwa hiyo alikuwapo mtafsiri. Katika kazi hiyo aliyevuma sana ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika katika kanda nyingi. Wa kwetu hakuwa na jina kubwa. Alisimama kando ya seti na kipaza sauti, akawasemea wote: baba mkali, jambazi, na msichana.

Siku ile ilionyeshwa Maine Pyar Kiya, picha ya 1989, ya Salman Khan na Bhagyashree. Ndugu msomaji, mle njiwa hupeleka barua, na wapendanao hubusiana huku kioo kikiwa kati yao. Banda lote lilinyamaza. Nilisikia joto usoni, nikashukuru kwamba mlikuwa na giza. Kila msichana alipoinamisha macho bila kusema neno, mtafsiri alilainisha sauti na kutuambia, "Anasema, mimi nimeshakuwa wako." Tukapiga makofi.

Nilioa mwaka 1999, tukapanga chumba Kinondoni. Mke wangu alikuja na cherehani yake. Mwaka 2001 kodi ilipotubana, nilimwambia nataka kuiuza. Akainamisha macho, akanyamaza. Nikawaambia ndugu zangu kwamba mwenzangu amekubali, nami niliamini hivyo kwa moyo wangu wote. Cherehani ikaenda.

Ilipita miaka mingi. Usiku mmoja picha ile ile ikaonyeshwa kwenye televisheni nyumbani, safari hii na maandishi ya Kiingereza chini. Nikamsomea mke wangu kwa Kiswahili. Nikashangaa: msichana yule ana maneno mengi kuliko niliyopata kuyasikia. Na pale anaponyamaza, chini hapakuandikwa kitu. Nikamsimulia mke wangu jinsi mtafsiri wetu alivyokuwa akimsemea. Alicheka, kisha akasema taratibu, "Baba Salma, hata cherehani yangu hukuniuliza. Ulinisemea."

Sikuwa na jibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulinifikia nikiwa na mvi.

Simlaumu yule mtafsiri. Alitupa starehe kwa fedha kidogo, na wengi wetu tusingejua hata kwamba mwanamume anaweza kumlilia mwanamke. Lakini katika banda lile la wanaume watupu, mwanamke hakuwa na sauti ila tuliyompa, nasi tukatoka nayo hadi majumbani.

Cherehani nyingine nilinunua. Kabla ya kuilipia nilimuuliza anataka ipi, nikasubiri mpaka akasema mwenyewe.